Kauri ya kale ya Kiingereza iliyopakwa rangi upya: namna ya kuitambua hatua kwa hatua

Kikombe cha Worcester, kiwanda cha kauri cha Uingereza, cha miaka ya 1760 kinaweza kuwa na udongo wa kweli, umbo la kweli na alama ya kweli kitakoni, na bado rangi yake ikawa imepakwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Wanakagua udongo, wanaona ni wenyewe, wanatoa pesa. Lakini chombo cha kauri kina umri wa aina mbili: umri wa mwili na umri wa rangi. Kwa kawaida hupishana kidogo tu. Kwenye chombo kilichopakwa upya umri huo umepishana kwa vizazi, na kazi yako ni kuutafuta kila umri peke yake, kwa ushahidi wake.

Kauri tunayoizungumzia hapa ni ile nyeupe, nyembamba, inayopitisha mwanga. Si kila chombo cha udongo kilichopakwa rangi nyeupe. Na tutajikita zaidi kwenye vyombo vya Worcester vya 1751 hadi miaka ya 1780, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyochezewa sana, tukigusa viwanda vingine vya Kiingereza vya wakati huo, yaani Bow, Chelsea na Caughley, panapohitajika.

Walichokifanya, na kwa nini

Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakusanyaji walilipa bei kubwa kwa vyombo vyenye rangi iliyojaza uwanja mzima: kijani cha tufaha, manjano, damu ya mzee, buluu ya magamba ya samaki. Vyombo vyenye vijishada vichache vya maua, au vyenye buluu na nyeupe tu, vilipatikana kwa bei ndogo. Mafundi wakaona njia ya kugeuza cha bei ndogo kuwa cha bei kubwa.

Njia zao zilikuwa nne. Ya kwanza ni kuongeza rangi na dhahabu juu ya chombo cha buluu na nyeupe: nyekundu, kijani na dhahabu vinajazwa katikati ya mchoro wa zamani, mara nyingi bila kuufuata vizuri. Ya pili ni kuchuna: maua ya awali yanaondolewa kwa asidi hidrofloriki, kisha chombo kinapambwa upya kana kwamba hakijawahi kuguswa. Ya tatu ni ya kijanja zaidi. Maua ya awali yanaachwa mahali pake, na rangi ya uwanja pamoja na dhahabu vinaongezwa kuyazunguka, ili ukitazama maua kwa lenzi uone mkono wa karne ya 18 na uridhike. Ya nne ni kuchukua chombo cheupe ambacho hakikuwahi kupambwa na kukipamba baadaye.

Kuna jambo moja la kutenganisha mapema. Si kila chombo kilichopambwa nje ya kiwanda ni kosa. James Giles, aliyekuwa na karakana London, alinunua vyombo vyeupe vya Worcester na kuvipamba miaka ya 1760 na mwanzoni mwa miaka ya 1770. Mali yake iliuzwa kwa mnada wa Christie's mwaka 1774. Kazi yake ni ya wakati uleule wa mwili wa chombo, nayo inathaminiwa sana. Vivyo hivyo kauri nyingi ya Nantgarw, kule Wales, ilipelekwa London ikiwa nyeupe na kupambwa huko mara tu ilipotengenezwa. Hapa hatukagui mahali rangi ilipopakwa. Tunakagua lini.

Vifaa

Lenzi ya kukuza mara 10, ile ya sonara. Tochi ndogo ya mwanga mweupe. Tochi ya mwanga wa urujuanimno ya nanomita 365. Zile za bei nafuu za nanomita 395 hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaofunika unachotafuta. Vijiti vya pamba, kijiti cha meno cha mti, chupa ndogo ya asetoni, beseni la plastiki, taulo mbili nene, daftari na simu ya kupigia picha. Usitumie sindano wala kisu, hata kama umemwona muuzaji mkongwe akifanya hivyo.

Kwanza, safisha

Uchafu uliokauka kitakoni unafanana sana na madoa meusi tutakayoyatafuta, kwa hiyo usiruke hatua hii. Tandika taulo ndani ya beseni, tia maji ya uvuguvugu lita 3 na matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo. Kabla ya kuzamisha chochote, lowesha pamba, isugue taratibu kwenye kona ya dhahabu isiyoonekana, kisha uitazame. Ikitoka na rangi au chembe za dhahabu, acha. Pangusa chombo kwa pamba yenye unyevu tu. Kama kina nyufa au kimewahi kuungwa, usikizamishe kabisa. Dawa ya klorini ya kufulia ni marufuku: inaingia kwenye udongo laini kupitia nyufa, ikikauka inaacha chumvi inayosukuma utando wa kioo unaofunika chombo kutoka chini. Kausha chombo kwa taulo, kisha kiache kipunge hewa usiku kucha.

Pili, thibitisha mwili

Washa tochi ndani ya kikombe kwenye chumba chenye giza. Worcester ya karne ya 18, iliyochanganywa jiwe la sabuni kutoka Cornwall, mara nyingi hupitisha mwanga wenye ukijani. Caughley huelekea rangi ya chungwa au majani makavu. Bow, yenye majivu ya mifupa, ni nzito na sehemu nene hazipitishi mwanga kabisa. Chelsea yenye alama ya nanga nyekundu, ya miaka ya 1750, huonyesha madoa mviringo yenye mwanga zaidi ambayo wakusanyaji huyaita miezi.

Geuza chombo. Worcester nyingi zina mstari mwembamba usio na utando wa kioo upande wa ndani wa duara la kitako. Ukiona mahali palipobanduka, tazama kwa lenzi: kauri laini ya Kiingereza imevunjika kama donge la sukari, yenye chembechembe; kauri ngumu, ile ya aina ya Kichina, imevunjika kama kioo. Kauri ngumu yenye alama ya Worcester au nanga ya dhahabu ya Chelsea ni nakala nzima, ya aina zilizotoka karakana ya Samson, Paris, iliyoanza 1845. Hiyo ni habari nyingine, na ukaguzi wako unaishia hapo.

Mwili ukithibitika, usifurahi bado. Mafundi wa kupaka upya walichagua miili ya kweli kwa makusudi.

Tatu, soma kitako

Hapa pana ushahidi mwingi, na inafaa ukae napo dakika kumi badala ya moja. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako, na kwa kauri methali hii ni kweli neno kwa neno.

Rangi za enameli ni unga wa kioo wenye oksidi za metali. Ili zishike lazima chombo kirudi tanurini, kwenye joto la nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi hivi. Chombo kipya hakipati shida, kwani ni kikavu na safi. Lakini kauri laini iliyokaa mezani miaka 100 imenyonya maji ya kuoshea, mafuta ya chakula na chai kupitia duara la kitako lililolika, nyufa nyembamba na sehemu zilizobanduka. Ikitiwa tanurini tena, mafuta yanaungua na kuwa makaa, na unyevu unageuka mvuke unaotafuta pa kutokea. Utando wa kioo wakati huo umelainika, hivyo mvuke unautoboa.

Kwa lenzi utaona vitone vyeusi vidogo kama nukta za kalamu, vingine vikiwa na shimo katikati na mdomo ulioinuka kidogo. Pitisha ncha ya kidole: vinakwaruza kama mchanga. Vinajazana karibu na duara la kitako, kando ya nyufa, kwenye shina la mkono wa kikombe na mdomoni mwa buli, yaani mahali unyevu ulipoingilia. Wakati mwingine duara lote la kitako limekuwa na rangi ya kijivu au kahawia ambayo haiondoki kwa kuosha.

Tahadhari: tanuri za karne ya 18 nazo ziliacha vitone. Tofauti ni mpangilio. Vitone vya tanuri la kwanza ni vichache, vimetawanyika ovyo, vingi vimefunikwa na utando laini wa kioo. Vya kuchomwa upya vina sababu ya kuwa pale vilipo. Kumbuka pia kwamba Worcester haipasuki utando kwa urahisi, hivyo haikunyonya sana kama Bow. Chombo cha Worcester kinaweza kuchomwa upya na kutoka karibu kisafi. Kukosa madoa meusi kwenye Worcester hakumtoi mtuhumiwa hatiani.

Nne, mwanga wa ubavuni na mikwaruzo

Zima taa. Laza tochi nyeupe mezani ili mwanga upite sambamba na uso wa sahani, kisha izungushe sahani polepole. Asidi haiondoi enameli bila kugusa kioo kilicho chini na pembeni yake. Unatafuta kivuli cha maua yasiyokuwepo tena: ua lililofifia kama pumzi kwenye kioo, shina lenye ukungu, mstari hafifu ukingoni ambapo dhahabu ya zamani ilikaa. Kivuli hiki mara nyingi hupita chini ya mchoro mpya na kuendelea upande wa pili. Ukiona jani la kivuli likikatiza ua la rangi, piga picha hapohapo, kwa sababu ushahidi huo hauna maelezo mengine yaliyo rahisi.

Sasa mikwaruzo. Sahani iliyotumika ina alama za visu. Fuata mkwaruzo mmoja kwa lenzi hadi unapokutana na rangi. Kama rangi ni ya zamani, kisu kimepita juu yake na kuikata. Kama rangi ni ya baadaye, mkwaruzo unaingia chini ya rangi na kutokea upande wa pili, au rangi imetiririka ndani ya mfereji wake na kuujaza. Fanya hivi kwa mikwaruzo kumi, si mmoja. Mtihani huu hauhitaji maabara wala kitabu, na ndio tunaouamini kuliko wote.

Kwa vikombe, ambavyo havikwaruzwi na visu, tazama ukingo wa mdomo na sehemu ya ndani inapozungushwa kijiko.

Tano, rangi zenyewe

Chukua kisahani chenye uwanja wa kijani cha tufaha na ukisogeze karibu na jicho. Kijani cha karne ya 18 kilitokana na shaba. Kinapenyeka kama kioo, kimeelekea ubuluu kidogo, kimesimama juu ya uso kwa unene unaobadilika, chepesi hapa, kimekusanyika pale. Ukikipindisha kwenye mwanga unaona kama unatazama ndani ya maji. Kijani cha kromi kilianza kutumika kwenye kauri mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya metali yenyewe kugunduliwa mwaka 1797. Hicho ni kizito, bapa, kimefunika sawasawa kila mahali, na jicho linaishia juu yake.

Kisha tazama dhahabu inapokutana na kijani hicho. Wapambaji wa Worcester kwa kawaida waliweka dhahabu pembeni ya kijani, juu ya nyeupe, kwa kuwa haikushika vizuri juu ya rangi ile. Kisahani chenye mizunguko mizito ya dhahabu iliyokaa juu kabisa ya kijani kinastahili maswali makali.

Buluu ya magamba inakaguliwa kwa ukucha. Worcester walichora magamba hayo kwa kobalti chini ya utando wa kioo, kabla utando haujawekwa. Pitisha ukucha kutoka sehemu nyeupe hadi kwenye buluu: usihisi ngazi yoyote. Ukihisi ngazi, buluu hiyo ni enameli iliyowekwa juu, na si kazi ya Worcester ya wakati ule.

Manjano ya zamani yalitokana na risasi na antimoni. Ya urani ni ya karne ya 19. Waridi lililotokana na dhahabu lilikuwepo enzi zote mbili, kwa hiyo halikusaidii. Nyekundu ya chuma hali kadhalika. Nyekundu kali au chungwa linalowaka kama plastiki lishuku, kwa kuwa rangi za kadimi ziliingia mwishoni mwa karne ya 19.

Mapovu pia huzungumza. Enameli iliyochomwa juu ya mwili wenye unyevu hupata vishimo vilivyopasuka, hasa kwenye rangi ya uwanja iliyofunika eneo kubwa.

Sita, dhahabu

Wapambaji wa katikati ya karne ya 18 walisaga dhahabu kwa asali. Dhahabu hiyo ni nene, laini, ina mng'ao wa upole, na imelika mahali mkono unaposhika: ukingoni, kwenye mkono wa kikombe, kwenye kifundo cha kifuniko. Kuelekea mwisho wa karne hiyo ikaingia dhahabu ya zebaki, nyembamba zaidi na kali kama shaba iliyosuguliwa. Katika karne ya 19 ikaja dhahabu ya maji, inayotoka tanurini ikiwa tayari inang'aa kama kioo. Inapokuwa nyembamba huacha wekundu wa zambarau. Dhahabu ya maji kwenye chombo cha 1768 imeongezwa.

Angalia pia mantiki ya ulikaji. Dhahabu nzima isiyo na doa juu ya chombo ambacho kitako chake kimelika hadi kuwa laini haiendani na maisha ya chombo hicho.

Saba, urujuanimno na asetoni

Hatua hii inatenganisha kilichochomwa na kilichopakwa baridi. Warekebishaji hufunika nyufa na mabanduko kwa rangi ya utomvu isiyochomwa, na chini ya nanomita 365 rangi hiyo mara nyingi hung'aa tofauti na kauri inayoizunguka, kwa weupe wa maziwa au umanjano. Vaa miwani ya kukinga macho, zima taa zote, subiri dakika mbili macho yazoee.

Ukiona eneo la kushuku, lowesha ncha ya kijiti cha pamba kwa asetoni, kamua, gusa eneo la milimita 2 kwa sekunde tano. Rangi ya utomvu hulainika au kunata. Enameli iliyochomwa haitikisiki. Usiguse dhahabu: baadhi ya dhahabu za awali hazikuchomwa, na utaondoa kitu cha kweli.

Watu wengi hukosea hapa. Rangi iliyopakwa upya na kuchomwa mwaka 1890 itafaulu mtihani huu bila shida. Asetoni inakwambia kwamba rangi imechomwa. Haikwambii imechomwa lini.

Nane, maabara, ikiwa bei inastahili

Kifaa cha eksirei kinachotambua elementi husoma rangi bila kuibandua. Omba vipimo viwili kwa kila rangi: kimoja juu ya rangi, kingine juu ya nyeupe iliyo pembeni. Bila hicho cha pili huwezi kujua kama titani au zinki imetoka kwenye rangi au kwenye mwili wenyewe. Kromi kwenye kijani inafunga kesi ya chombo kinachodaiwa kupambwa miaka ya 1760. Kadimi, vivyo hivyo. Lakini kukuta shaba na risasi hakuthibitishi umri, kwa kuwa fundi wa baadaye aliweza kutumia mapishi ya zamani.

Ukinunua kwa picha

Muuzaji wa mtandaoni huweka picha ya mbele yenye kupendeza. Omba tano nyingine: kitako kizima, duara la kitako kwa karibu sana, shina la mkono, rangi inapopakana na nyeupe, na uso wote ukimulikwa kutoka ubavuni. Asipokubali kupiga hiyo ya mwisho, acha. Kwenye katalogi za minada ya Uingereza tafuta maneno "later decorated" (kimepambwa baadaye) au "clobbered" (kimeongezewa rangi juu ya mchoro wa awali), ambayo huweza kufichwa mwishoni mwa maelezo. Siku ya maonyesho kabla ya mnada unaruhusiwa kushika vyombo. Nenda na lenzi na tochi yako, na ushike kwa mikono miwili juu ya meza, si hewani. Ukiwa London, pita kwanza makumbusho ya Victoria and Albert utazame mkusanyiko wa Schreiber, uliokabidhiwa makumbusho hayo mwaka 1884, ili jicho lizoee kijani na dhahabu za kweli.

Ukaguzi huu unafaa pia kwa buluu na nyeupe ya China, kwani nayo iliongezewa rangi kwa wingi huko Uingereza na Uholanzi. Mwenye sahani za Kichina zilizowahi kupambia zidaka za nyumba ya Lamu au Unguja anaweza kuanzia hatua ya tatu.

Kuamua, na kuandika

Dalili moja nyepesi, kama vitone viwili vya kitako, haitoshi. Mikwaruzo inayopita chini ya rangi, kivuli cha mchoro uliofutwa, au kromi kwenye kijani, kila moja inatosha peke yake. Dalili nyepesi zikiwa tatu zinazoelekea upande mmoja, hesabu kimepakwa upya.

Usijaribu kuondoa rangi mpya ili "kurudisha" ya zamani. Kwenye chombo kilichochunwa, chini yake hakuna kitu. Ya zamani iliyeyushwa. Asidi hidrofloriki hupenya ngozi hadi mfupani na inaweza kuua kwa doa dogo, na hakuna sababu ya kuwa nayo nyumbani. Kuchoma tena ni hatari ileile iliyoleta madoa meusi.

Chombo chenyewe bado kina thamani ya kusomea, na vilivyoongezewa rangi juu ya buluu vina wapenzi wao. Unapokiuza au kukirithisha, andika umri wa aina zote mbili kwenye kadi inayokaa na chombo, kwa mfano: "Kisahani, Worcester, mwili takriban 1765–1770. Vijishada vya maua vya awali. Uwanja wa kijani na dhahabu vimeongezwa mwishoni mwa karne ya 19. Vitone vyeusi kuzunguka kitako. Mikwaruzo chini ya kijani, kati ya namba 2 na namba 4 ukikitazama kama uso wa saa." Ambatanisha picha ya mwanga wa ubavuni, na utie tarehe ya ukaguzi.